Siki ya Jikoni na Bureti ya Maabara

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne, Katibu wa Chama cha Sayansi

Wengi wenu mnayakumbuka maneno yaliyozagaa bwaloni muhula huu juu ya siki ya jikoni. Lakini wazazi wetu, ambao nao husoma gazeti hili, hawakuwapo. Kwa hiyo naomba ruhusa nianze mwanzo.

Shule ilipofunguliwa, jiko letu lilitengeneza achari ya maembe mabichi, mitungi minne mikubwa, ili tuile pamoja na wali siku za Jumamosi. Kabla ya wiki tatu kwisha, mitungi yote minne iliota ukungu mweupe ikamwagwa. Wenye midomo ya kuchagua walikuwa wamekwisha kusema tangu zamani kwamba kachumbari ya shule haina ukali. Sasa maneno yakapata miguu. Ikanong'onwa kwamba mzee wetu wa jikoni, ambaye ndiye mshika ufunguo wa stoo, huuza siki nje ya shule na kuyajaliza madumu kwa maji ya bomba. Mzee huyu alikuwa akipika hapa kabla baadhi ya walimu wetu hawajamaliza masomo yao. Lau maneno yale yangalithibitika, angalifukuzwa kazi, na hakuna ambaye angalimtetea.

Sina budi kukiri kwamba katika maneno yale nilikuwa na sehemu yangu, wala si sehemu nzuri. Nilichukua siki kidogo katika dumu lililokwisha kufunguliwa, nikachovya karatasi ya kupimia pH, ikageuka rangi ya namba 3. Nikakaa na kalamu kama mtaalamu. pH 3 maana yake ni moli 0.001 ya ioni za hidrojeni katika kila lita. Karatasi iliyobandikwa juu ya dumu yasema asidi asetiki ni asilimia 5, yaani gramu 50 katika lita, na kwa kuwa moli moja ya asidi hiyo ni gramu 60, hizo ni karibu moli 0.83. Nikagawanya, nikapata kwamba siki yetu imezimuliwa kwa maji zaidi ya mara 800! Niliitangaza habari hiyo mezani wakati wa chakula cha jioni, na kabla ya kengele ya kulala bweni zima lilikuwa nayo.

Kesho yake mwalimu wetu wa kemia aliniita maabara. Hakunikemea. Alitoa kabatini chupa ya siki aliyoinunua mwenyewe dukani, kifuniko chake hakijaguswa, akasema, "Haya, bwana katibu, pima na hii." Nikachovya karatasi. Rangi ikawa ile ile ya 3. Akaniuliza, "Na hii nayo mzee ameitia maji?" Sikuwa na jibu.

Makala hii ni jibu lile nililolikosa siku ile. Mambo mengine yaliyomo ni ya kidato cha tano, lakini mwalimu alisema kwamba aliyekwisha kumsingizia mtu kwa pH hana haki ya kungoja kidato cha tano.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kudhani kwamba asidi zote hutengana sawasawa ndani ya maji. Asidi haidrokloriki, ambayo tunaitumia maabara kila wiki, ni asidi kali: ukiitia majini, karibu kila molekuli hupasuka na kutoa ioni yake ya hidrojeni. Asidi asetiki, ambayo ndiyo ukali wa siki, haifanyi hivyo. Ni asidi dhaifu. Katika siki ya asilimia 5, molekuli zilizotengana hazifiki 5 katika kila 1000. Zilizobaki zote zimekaa nzima nzima majini, na karatasi ya pH haizioni kabisa. Tena hazikukaa tuli. Nyingine hutengana na nyingine hurudiana saa zote, ila hesabu yao hubaki ile ile. Kitabuni huandikwa hivi:

CH₃COOH ⇌ CH₃COO⁻ + H⁺

Nitaeleza kwa mfano wa duka. Mwenye duka hapangi mali yake yote juu ya rafu. Huweka kidogo mbele ya wateja, na mali iliyobaki huwa ghalani, nyuma. Mpita njia akichungulia mlangoni huiona rafu tu. Karatasi ya pH ni mpita njia huyo. Ioni za hidrojeni zilizo huru ndizo mali ya rafuni, na molekuli nzima za asidi ndizo mali ya ghalani. Mimi nilihesabu vitu vya rafuni nikatangaza kwamba tajiri amefilisika.

Elimu hii haikupatikana siku moja. Mtu aliyesema kwamba vitu kama chumvi vikiyeyuka majini hutengana vipande vyenye umeme ni Svante Arrhenius wa Uswidi, katika tasnifu yake ya mwaka 1884. Watahini wake hawakupendezwa nayo, wakampa alama ya chini. Mwaka 1903 kazi hiyo hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya kemia, jambo linalotufariji sisi tunaopata alama za chini, ingawa mwalimu wangu asema nisilitegemee mno. Wilhelm Ostwald, mzaliwa wa Riga, aliyapokea mawazo hayo, na mwaka 1888 akatoa kanuni inayoonyesha jinsi asidi dhaifu inavyotengana kadiri inavyozimuliwa. Kipimo chenyewe cha pH kilikuja baadaye, mwaka 1909, alikitoa S. P. L. Sørensen huko Copenhagen, katika maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg.

Kanuni ya Ostwald ndiyo inayoeleza kwa nini karatasi yangu isingaliweza kumshika mwizi hata kama mwizi angalikuwapo. Chukua siki ya moli 0.83 katika lita: katika kila molekuli 1000, kama 4.6 hutengana, na pH yake huwa 2.41. Sasa itie maji nusu kwa nusu. Ungetazamia ukali wake uanguke sana. Lakini ghala hutoa mali: katika siki hii nyepesi hutengana kama 6.6 katika kila 1000, na pH hupanda mpaka 2.56 tu. Maji nusu nzima, na pH imesogea kwa 0.15! Karatasi yetu, ambayo husoma 2, 3, 4, haiwezi kuona tofauti hiyo, hata ukiitazama juani.

Kumbe basi kuna maswali mawili, nami nilikuwa nimeyachanganya kuwa moja. La kwanza: asidi ni kiasi gani kwa jumla, ya rafuni na ya ghalani? Huo ndio ukolezi wake. La pili: asidi hiyo hupenda kutengana kwa kadiri gani? Hiyo ni tabia yake, wala haitegemei maji uliyoyatia. Maswali yote mawili hujibiwa kwa jaribio moja la titresheni, na hilo ndilo tulilolifanya.

Mwalimu alitaka mambo yawe ya haki. Mbele ya bwana stoo na kiranja mkuu alichukua siki ya namna tatu: ya chupa ile ya dukani, ya dumu lililofunguliwa, na ya dumu la pili ambalo lakiri yake ilikuwa bado haijakatwa, wakaikata wao wenyewe. Akazimimina katika chupa tatu zilizofanana, akaziandika K, L na M, na ufunguo wa herufi hizo akautia katika bahasha akampa mwalimu wa zamu. Sisi wanne wa Chama hatukujua ipi ni ipi.

Titresheni ni kazi nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya vizuri. Unatia asidi ya kipimo unachokijua katika flaski, na alkali katika bureti, kisha unafungua bilula ya bureti polepole mpaka alkali imalize asidi yote. Kwa mfano wetu wa duka, alkali ni mteja mwenye fedha nyingi. Hununua kila kilichopo rafuni. Mwenye duka huleta kingine kutoka ghalani. Naye hukinunua, mpaka ghala libaki tupu. Kisha tunahesabu fedha alizotoa. Ndiyo maana udhaifu wa asidi hauipunguzii hesabu yake hata kidogo: molekuli iliyotengana na ile isiyotengana zote hulipiwa sawa.

Alkali yetu ilikuwa kostiki soda, ambayo kitabuni huitwa sodiamu haidroksaidi. Hapa pana mtego. Tulipima gramu 4.0 tukaziyeyusha ili tupate lita moja ya moli 0.100. Lakini kostiki soda hunyonya unyevu wa hewa hata ilipo juu ya mizani, na hunyonya pia kaboni dioksaidi, hivyo zile gramu 4.0 si zake zote. Kwa ajili hiyo tuliihakikisha kwa asidi oksaliki, ambayo fuwele zake hupimika bila udanganyifu: gramu 1.576 katika mililita 250 hutoa moli 0.0500 katika lita. Mililita 25.0 za asidi hiyo zilitaka mililita 25.5 za alkali yetu. Kila molekuli ya asidi oksaliki hutoa hidrojeni mbili, basi:

2 × 0.0500 × 25.0 ÷ 25.5 = 0.0980

Alkali yetu ilikuwa moli 0.0980, si 0.100. Tofauti ni ndogo, lakini mtu anayetaka kumpima mwenzake kwanza ahakikishe mizani yake.

Siki ya dukani yenyewe ni kali mno kwa alkali ya namna hiyo. Mililita 25 zake zingalikunywa bureti nne na zaidi. Basi kila siki tuliizimua mara kumi: mililita 25.0 kwa pipeti, zikajazwa maji yaliyokenekwa mpaka alama ya mililita 250. (Pipeti zetu huvutwa kwa mpira, si kwa mdomo. Nasema hivi kwa ajili ya ndugu zangu wa kidato cha kwanza.) Halafu mililita 25.0 za mmumunyo huo mwepesi zikaingia flaskini pamoja na matone mawili ya fenolfthaleini.

Kwa nini fenolfthaleini? Kwa sababu asidi dhaifu ikimalizwa kwa alkali kali, maji hayabaki katikati penye pH 7. Chumvi iliyopatikana, sodiamu asetati, yenyewe huelekea upande wa alkali, na mwisho wa kazi yetu huwa karibu na pH 8.7. Fenolfthaleini huanza kugeuka waridi kupita kidogo 8, na kwa hiyo husimama mahali pake hasa. Mwenzetu mmoja alishika kimakosa chupa ya methili oranji, ambayo hugeuka kati ya pH 3.1 na 4.4. Rangi yake ilianza kubadilika mapema, ikaendelea kubadilika kwa uvivu, na ilipofika mililita 6 au 7 akasema imekwisha, hali siki ile ilihitaji mililita 21. Angalitangaza matokeo yale, hata mwenye duka la mjini angalishitakiwa.

Tulifanya kila siki mara nne: mara ya kwanza kwa kukisia, na mara tatu kwa makini, tone kwa tone karibu na mwisho. Rangi inayotakiwa ni waridi hafifu inayobaki nusu dakika. Ikiwa nyekundu ya kupendeza macho, umekwisha kupita. Wastani wetu ulikuwa hivi: K mililita 10.6, L mililita 21.3, M mililita 10.6.

Msomaji atafahamu kwamba tulitazamana. Siki mbili zilikuwa nusu ya ile ya tatu, wala hakuna aliyejua ni zipi. Hesabu ya L ni hii:

21.3 × 0.0980 ÷ 25.0 = 0.0835

Hii ni siki iliyozimuliwa mara kumi. Siki yenyewe basi ni moli 0.835 katika lita. Zidisha kwa gramu 60, utapata gramu 50.1, yaani asilimia 5.0. Hesabu ya K na M:

10.6 × 0.0980 ÷ 25.0 = 0.0416

Siki yenyewe ni moli 0.416, au gramu 25 katika lita: asilimia 2.5.

Tukataka kukimbilia bahasha, lakini mwenzetu mmoja, ambaye ni mbishi kwa asili, akauliza: "Mmejuaje kwamba K na M ni siki?" Tulimcheka, kisha tukaacha kumcheka. Alikuwa na haki. Bureti huhesabu hidrojeni zinazolipiwa. Haiulizi jina la asidi. Mtu angaliweza kutia asidi haidrokloriki ya moli 0.0416 flaskini, na bureti ingalisema 10.6 vile vile. Kama mtu ameghushi siki kwa asidi nyingine, ukolezi peke yake usingalimfichua, na hilo lingalikuwa jambo baya kuliko maji. Ikawa lazima tujibu swali la pili, la tabia.

Tabia ya asidi dhaifu hupimwa hivi. Chukua ukolezi wa ioni za hidrojeni, uuzidishe kwa ukolezi wa ioni za asetati, kisha ugawanye kwa ukolezi wa molekuli zilizobaki nzima. Katika joto moja, jibu hubaki karibu lile lile, utie maji au usitie. Rafu na ghala hujirekebisha mpaka jibu lirudi pale pale. Huitwa kisobadilika cha mtengano, nalo huandikwa Ka:

Ka = [H⁺] × [CH₃COO⁻] ÷ [CH₃COOH]

Ukiitazama kanuni hiyo utaona shida. [H⁺] twaweza kuipima, kwa kuwa pH hutuambia. Lakini hizo nyingine mbili tutazipataje, na hazionekani kwa macho wala kwa karatasi? Mimi nilidhani kwamba itatakiwa mashine ya bei kubwa. Jibu lake ni jepesi, na tangu nilifahamu sijachoka kulisimulia.

Simamisha titresheni katikati. Kama L yamalizwa na mililita 21.3, funga bilula ilipofika nusu yake, mililita 10.65. Hapo nusu ya asidi imekwisha kugeuzwa kuwa asetati, na nusu ingali asidi. Hujui ni ngapi, wala huna haja ya kujua, maadamu zimelingana. Namba mbili zilizo sawa, moja juu na moja chini ya mstari wa kugawanya, hukatana. Kanuni yote inabaki:

Ka = [H⁺]

Soma pH pale pale katikati, na kazi imekwisha.

Kwa hiyo tulirudia titresheni bila fenolfthaleini, na mita ndogo ya pH ikiwa ndani ya flaski. Mita tuliisahihisha kwanza kwa mimumunyo miwili ya pH 4 na pH 7. Tulisoma kila mililita moja, tukachora grafu. Grafu ya L ilianza pH 2.9; ikapanda upesi kidogo, kisha ikalala karibu kama uwanda: mililita 5 pH 4.2, mililita 15 pH 5.1, mililita 20 pH 5.9. Ilipofika mililita 21 ikawa 6.6, na hapo ikasimama wima kama mnazi. Kwa alkali isiyozidi nusu mililita, iliruka kutoka 6.6 ikapita 10. Katikati ya mruko huo palikuwa mililita 21.3, mahali pale pale fenolfthaleini ilipotuambia.

Uwanda ule ulionyooka una maana yake. Asidi na asetati zikiwa zote nyingi, alkali ikiingia hulipwa na ghala, na pH haistuki. Miili yetu nayo huishi kwa hila ya namna hiyo hiyo, kwa asidi dhaifu nyingine: damu huhifadhi pH yake karibu na 7.4 kwa asidi kaboniki na ioni za bikaboneti. Lakini tusitoke jikoni.

Katika nusu ya njia, mita ilisema 4.70 kwa L, 4.71 kwa K na 4.70 kwa M. Kumi kwa kipeo cha hasi 4.70 ni 0.000020. Vitabu vyasema kwamba Ka ya asidi asetiki, katika joto la nyuzi 25, ni 0.000018, ambayo ni pH 4.76. Hatukuona haya kwa tofauti hiyo. Ioni zilizosongamana katika flaski huvutana na kuisogeza pH kidogo, na mita yetu nayo si ya kwanza kwa ubora. Asidi haidrokloriki isingalikuwa na uwanda huo hata kidogo. Kwa ukolezi wa K ingalianzia pH 1.4 na kukaa chini mpaka karibu na mwisho. Asidi fomiki, ndugu yake siki ambaye yumo katika sumu ya baadhi ya chungu, ina Ka mara kumi ya hiyo, na nusu yake ingalisimama karibu na 3.75.

Hata hivyo yule mbishi wetu hakutosheka, akachungua jedwali akakuta asidi propanoiki ina 0.000013, jirani kabisa. Mita kama yetu isingaliweza kuapa mbele ya hakimu kwamba si hiyo. Tulimpa K anuse. Aliinusa, akakohoa, akasema ni siki.

Kuna jambo moja zaidi ambalo sikulikuta katika daftari langu, bali nililiona kwa kufanya kazi hii. Majibu mawili ya titresheni hayaharibiwi na kosa moja. Tungalisahau kuihakikisha alkali, tukaamini ni 0.100, ukolezi wetu wote ungalikosewa kwa asilimia 2; lakini Ka isingaliguswa, kwa maana nusu ni nusu, alkali iwe kali au nyepesi. Na kama mita ingalisoma juu kwa 0.2, Ka ingalipotoka sana; lakini mruko wa grafu ungalibaki mahali pake, na ukolezi ungalikuwa salama. Mashahidi wawili wasiokula chungu kimoja.

Hapo ndipo bahasha ilipofunguliwa. L ilikuwa ile ya dukani. K ilikuwa dumu lililofunguliwa, lililokuwa mikononi mwa mzee kwa wiki zote zile. M ilikuwa dumu la lakiri, ambalo mkono wa mtu yeyote wa shule hii ulikuwa haujaligusa ndani.

K na M zilikuwa sawa. Siki ile ililetwa shuleni ikiwa asilimia 2.5. Mzee hakutia hata kikombe kimoja cha maji.

Tuliandika ripoti ya kurasa mbili kwa Mkuu wa Shule. Mwalimu alitufutia sentensi moja, ile tuliyosema kwamba mwuzaji ametia maji. Alituuliza tumejuaje. Siki huweza kuwa hafifu kwa sababu imezimuliwa, au kwa sababu haikuiva: tembo au divai ikigeuka siki, pombe yake huliwa na bakteria na kuwa asidi, na wakikatizwa kabla ya kumaliza kazi, asidi huwa chache bila ya mtu kutia tone la maji. Titresheni yasema iliyomo ni nusu ya ilivyoandikwa; haisemi kwa nini. Tukaandika hivyo tu. Mkuu aliisoma ripoti mstarini siku ya Jumatatu, nami niliomba nafasi nikasema mbele ya shule nzima kwamba ile habari ya mara 800 ilikuwa yangu na ilikuwa ya uongo.

Jioni nilikwenda jikoni. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu." Nikamwomba radhi. Hakusema nimesamehewa wala sikusamehewa. Alinipa kisu na kikapu cha vitunguu, nikamenya pamoja naye. Baada ya kitambo akaniuliza, "Sasa hii siki iliyobaki, achari ijayo nikiitia mara mbili haitafaa?" Nikamweleza kwamba kuzidisha siki nyepesi hakuifanyi kuwa kali, kama vile bakuli mbili za uji mwepesi haziwi uji mzito zikimiminwa pamoja. Akanitazama kwa muda. "Uji," akasema, "usinifundishe."

Madumu yale mawili sasa yako nje ya jiko, kando ya karo, na siki yake husugulia masizi ya masufuria.